Dirishani, kivulini au jua la jioni: mwanga upi kwa picha ya vizazi vitatu?

Ukitaka picha inayoonyesha jinsi bibi, binti yake na mjukuu walivyoshikamana, na hutaki flashi wala taa, njia za kweli ni tatu: mwanga wa dirisha, kivuli cha nje, na jua likiwa chini asubuhi au jioni. Mawingu ni njia ya nne, ingawa hayo hayapangwi, huja yenyewe. Wengi wanaoanza hukimbilia jua la jioni kwa sababu ndilo lililojaa kwenye picha wanazozipenda. Mimi naegemea kwingine, na afadhali niseme mapema: mwanga wa picha ya namna hii uchaguliwe kwa kumtazama yule mwenye uvumilivu mdogo kuliko wote, ambaye karibu kila mara ni mzee kuliko wote au mdogo kuliko wote. Wakistarehe hao wawili, wengine watafuata, na upendo utaonekana usoni bila kuombwa. Wasipostarehe, hakuna rangi ya machweo itakayookoa picha hiyo.

Miili yao kwanza

Mboni ya jicho la mzee haifunguki kama ya kijana, na huchelewa kuzoea anapotoka ndani kwenda nje. Mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho husumbuliwa zaidi na mng'ao: jua likimpiga usoni hamwoni mjukuu aliye mbele yake, anaona weupe tu. Kusimama muda mrefu humchosha, na akishachoka mabega huanguka na tabasamu linabaki la adabu. Kwa upande wa mtoto, madaktari hushauri aliye chini ya miezi 6 asikae kwenye jua la moja kwa moja. Aliye na miaka miwili anaweza kuamka mchangamfu kabisa, ikifika jioni hataki kuguswa na mtu.

Hayo ndiyo masharti ya kazi. Ukishayajua, kila mahali unapopafikiria unapauliza swali moja: hawa wawili wanaweza kukaa hapa kwa raha kwa muda gani?

Dirisha na jua la jioni, ana kwa ana

Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja hutoa mwanga unaobadilika polepole sana. Mtoto anaweza kunyonya, babu akaenda maliwatoni akarudi, watu wakacheka na kubishana juu ya nani akae wapi, na bado mwanga uko palepale. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, dirisha la namna hiyo ni lile linalotazama kaskazini, na ndiyo maana wachoraji wa Ulaya walipenda vyumba vyenye madirisha ya upande huo. Katika nusu ya kusini ni lile la upande wa kusini. Karibu na ikweta jibu hubadilika na miezi, maana jua hupita kaskazini kwa nusu ya mwaka na kusini kwa nusu nyingine. Huko ni kuchungulia tu, uone dirisha lipi halijapigwa na jua siku hiyo. Likiwa limepigwa, pazia jeupe jepesi hulainisha mwanga vya kutosha.

Jua la jioni halina subira hiyo. Husogea nyuzi 15 angani kila saa. Karibu na ikweta linashuka karibu wima, kwa hiyo kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 24 tu. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, ambako linashuka kwa mshazari, safari hiyohiyo huchukua karibu mara mbili ya hapo, na miezi mingine zaidi. Ushauri mwingi unaosema una saa nzima ya mwanga wa dhahabu umeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na kwa wao una ukweli. Ukipiga picha mahali ambapo jua huzama upesi, hesabu yako ni nyingine. Dakika 24 zinawatosha wachumba wawili wenye miguu mizima. Kwa bibi anayetembea na mkongojo, mtoto anayetaka kubadilishwa nepi na wajomba wanaochelewa, muda huo huisha kabla hata watu hawajasimama pamoja.

Kwa rangi, jioni inashinda waziwazi, na sitaki kuificha sifa yake. Jua likiwa chini, mwanga wake huwa kama kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3,000 hadi 3,500, ilhali wa mchana huwa kama 5,500 na wa kivulini chini ya anga la buluu hupita 7,000. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo rangi inavyoelekea manjano na machungwa, na ngozi za rangi zote hupokea vizuri ule umanjano. Tena jua likiwa nyuma ya watu, mvi za babu huchorwa unywele mmoja mmoja, na nywele za mtoto zilizo kando yake huchorwa vivyo hivyo. Kwa dakika chache vichwa viwili vilivyopishana miaka sabini vina taji moja la mwanga. Hakuna dirisha linaloweza kufanya hivyo kwa wepesi uleule.

Lakini angalia yanayokuja pamoja na uzuri huo. Waweke wakilitazama jua, wote watafinya macho, mzee zaidi ya wengine. Waweke jua likiwa nyuma, nyuso zinaingia kivulini na lazima uongeze mwanga kwenye kamera kwa hatua moja hadi mbili (kila hatua ni mwanga maradufu), anga nyuma yao liungue, yaani liwe jeupe tupu, au mtu ashike kitambaa cheupe mbele yao kurudisha mwanga usoni. Waweke ubavu, na kivuli kirefu cha baba kinamfunika mtoto mzima. Familia ina watu wa vimo tofauti, na jua la chini huutumia utofauti huo vibaya.

Kama moyo wako uko kwenye jua la chini, basi chukua la asubuhi. Pembe ni ileile na rangi inakaribiana. Wazee wengi huamka mapema, mtoto ametoka kulala, na jua linapopanda linawaongezea muda badala ya kuwanyang'anya: likishakuwa kali mnarudi kivulini na kazi inaendelea. Jioni, ukikosa, umekosa. Nashangaa jinsi asubuhi inavyosahauliwa, wakati kwa familia yenye mtoto mdogo ni bora mara nyingi zaidi ya jioni.

Dirisha linashinda kwenye kuonyesha umbo. Mwanga ukija kutoka upande mmoja, kivuli laini hulala upande wa pili wa pua na shavu, uso unapata kina, na mikono inapata uzito. Mshipa wa mkono wa bibi na vidole vya mtoto vilivyoushika vinaonekana kila kimoja kwa hali yake, na mara nyingi picha hiyo ya mikono peke yake husema zaidi ya nyuso zilizopangwa. Mwanga huohuo unachora mikunjo. Ukitaka ipungue, mgeuze mzee alitazame dirisha. Ukitaka isemwe yote, mweke ubavu. Mwulize mwenyewe kwanza. Wako wanaojivunia kila mkunjo na wako wasiopenda kuiona, na si haki ya mpiga picha kuwaamulia.

Mtego mkubwa wa dirisha ni kwamba mwanga wake hufifia haraka kuelekea ndani ya chumba. Ukiwapanga watatu kwenye mstari unaotoka dirishani kwenda ndani, wa kwanza anaungua na wa mwisho anazama gizani, na jicho la mtazamaji litasoma kwamba wa mwisho si muhimu. Wapange sambamba na dirisha, au wasogeze wote nyuma hatua mbili: mwanga utapungua, lakini tofauti kati yao nayo itapungua, na hiyo ndiyo inayoumiza picha.

Kufifia huko pia kuna faida yake. Familia nyingi zina rangi za ngozi zaidi ya moja ndani yake, na dirisha hukuruhusu kuzisawazisha kwa viti tu: mwenye ngozi nyeusi zaidi akae karibu na dirisha, mweupe zaidi akae mbali kidogo. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Ukuta mweupe ukiwa nyuma ya mtu mweusi, kamera hupunguza mwanga na uso wake unapotea. Ukuta ukiwa na giza, huongeza na uso unachujuka. Kwa hiyo pima mwanga usoni, si ukutani. Na usiogope mng'ao kwenye paji na shavu la ngozi nyeusi, kwani ndio unaouonyesha uso una umbo gani. Shuka jeupe lililotandazwa upande wa pili wa dirisha, nje kidogo ya picha, litaulainisha bila kuuondoa.

Zima taa za ndani. Balbu nyingi za nyumbani zina kelvini 2,700 hadi 3,000, dirisha lina mara mbili ya hapo, na ukivichanganya shavu moja la bibi linakuwa la machungwa na jingine la buluu. Kama kuna taa isiyozimika, picha ya rangi nyeusi na nyeupe hutatua tatizo lote kwa mara moja.

Wangapi wanatosha dirishani? Kwa dirisha la kawaida naona wawili hadi wanne. Wakizidi hapo, kuna mtu atakayebanwa gizani, na ni heri kutoka nje.

Kivuli, ambacho ndicho ninachokishauri mara nyingi kuliko vyote

Kivuli hakina jina kubwa, na watu hukipita wakienda kutafuta jua. Nazungumzia kivuli cha wazi: upande wa ukuta usiopigwa na jua, baraza, mlango ulio wazi, ukingo wa paa. Mahali ambapo jua halikupigi ila anga kubwa liko mbele yako. Hapo mtu hafinyi macho, hatokwi jasho, anaweza kuletewa kiti, na kundi la watu kumi hupata mwanga uleule kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha nyingi za familia na ndugu uani kwake kwa mwanga wa mchana, akiwa na kitambaa cha mapambo nyuma yao. Zitazame nyuso zile: macho yote yako wazi, na kila kitambaa na kila kidole kinasomeka.

Kivuli kizuri hujulikana kwa ardhi iliyo mbele yake. Ardhi ikiwa inapigwa na jua, hugeuka kuwa kiakisi kikubwa kinachorusha mwanga kutoka chini, unaingia kwenye mashimo ya macho na chini ya kidevu, mahali ambapo nyuso za wazee huhitaji mwanga zaidi. Kwa sababu hiyo jua la utosini, ambalo kila mtu anakukataza, ni wakati bora kwa picha ya mlangoni. Mweke mzee hatua moja ndani ya kizingiti, pale tu kivuli kinapoanzia, wewe ukae nje ukiwa umeinama kidogo, na sakafu ya nje itafanya kazi ambayo wengine wananunulia vifaa. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Chumba nyuma yao kinaingia gizani chenyewe, kwa hiyo huhitaji kuhamisha vitu wala kuficha chochote, na watu wanabaki peke yao wakiwa wamezungukwa na giza la nyumba yao wenyewe.

Rangi ya ardhi ni ya kuchunga. Nyasi hurusha kijani chini ya kidevu, udongo mwekundu hurusha wekundu, ukuta uliopakwa buluu hurusha buluu. Saruji, mchanga na vigae vyeupe ni salama. Kama hakuna, tandika shuka jeupe mbele ya miguu yao, nje ya picha.

Mti ni suala jingine. Chini ya mti wenye matundu mengi, madoa ya jua huangukia nyuso, moja kwenye paji la bibi, jingine kwenye jicho la mtoto, na ni vigumu kuyaondoa vizuri kwa programu. Tafuta mti wenye majani mazito, tena wasogeze watu kuelekea ukingo wa kivuli, wakitazama nje. Kama unaona doa hata moja usoni, hama.

Kivuli hakina tamthilia. Mwanga wake ni sawasawa, kidogo una ubuluu, na ukipiga bila kufikiri picha inakuwa bapa. Dawa yake ni kuwageuza watu ubavu kidogo kuelekea upande ulio wazi zaidi, na kuweka mizani ya rangi ya kamera kwenye alama ya kivuli ili ngozi irudi kwenye joto lake. Ni kazi ndogo kwa faida kubwa hivyo.

Mawingu

Siku ya mawingu mazito ni kivuli kilichotanda kila mahali, na unaweza kupiga saa yoyote. Shida ni moja: mwanga unatoka juu, kwa hiyo macho yaliyozama yanazidi kuzama. Mkalishe mzee, piga ukiwa umesimama juu kidogo yake, na mwambie mjukuu amwonyeshe kitu kilicho juu ya usawa wa macho ili uso uinuke. Kama kuna baraza, itumie hata siku hiyo. Paa linakata mwanga wa juu na kuacha wa mbele. Basi.

Kuwapanga au kuwaacha

Mwanga unaouchagua unaamua pia aina ya uhusiano utakaoonekana, na hili halisemwi vya kutosha. Dirisha linawafunga watu mahali pamoja. Linafaa kwa mambo ya mikono na ya utulivu: kusuka nywele, kufungua albamu ya zamani, kumsomea mtoto, kushona kifungo. Bibi akipewa cha kufanya husahau kamera upesi kuliko akiambiwa atabasamu. Jua la chini linafaa kwa mwendo: babu na mjukuu wakitembea wameshikana mikono, wakipigwa picha kutoka nyuma, vivuli vyao viwili vikitangulia au kufuata. Kivuli kiko katikati, kinakubali yote mawili, na ndiyo sababu nyingine ya kukipenda.

Kwa picha ya kundi zima, wapange. Usione haya, familia inataka ile picha ambayo kila mtu yumo na kila uso unaonekana, na ni haki yao. Mkalishe mzee kwanza, kisha waache wengine wamzunguke wenyewe kabla hujasema neno. Utaona nani anamwekea mkono begani bila kuambiwa, nani anachuchumaa miguuni, nani anasimama mbali. Mpangilio huo ni wa kweli kuliko wowote utakaoubuni. Rekebisha vimo tu, na uhakikishe hakuna aliyefichwa.

Kuna mtu anayepotea katika picha hizi, naye ni wa kizazi cha kati. Tuna picha nyingi za bibi na mjukuu. Mama aliyewaunganisha yuko nyuma ya simu, au anamfunga mtoto kiatu, au anatafuta ufunguo. Mwingize. Mruhusu awe mtoto wa mtu kwa dakika moja: mkalishe kwenye mkono wa kiti cha mama yake, au mwombe mama yake amtengeneze ukosi wa nguo. Nimeona mara nyingi kwamba hapo ndipo uso wa mzee hubadilika. Kwa mjukuu alikuwa mchangamfu. Kwa mwanawe mwenyewe anakuwa laini. Dirisha ndilo linaloonyesha badiliko hilo vizuri zaidi, maana ni dogo na la karibu.

Kamera au simu

Mwanga ukiwa mwingi, simu nzuri inatosha kabisa kwa kazi hii. Tofauti hujitokeza katika mambo matatu. Lenzi kuu ya simu ni pana, kama milimita 24 hadi 26 kwa hesabu ya kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), hivyo ukisogea karibu mtu aliye pembeni hupanuliwa uso. Rudi nyuma na utumie ukuzaji wa mara mbili. Pili, kipengele kinachotia ukungu nyuma ya mtu mara nyingi hudhani kuna mtu mmoja tu wa maana. Kikimchagua mtoto aliye mbele, bibi aliye nyuma yake anatiwa ukungu, na kingo za mvi zake zinakatwa vibaya. Kizime panapokuwa na zaidi ya mmoja. Tatu, mwanga ukipungua simu huondoa chembe (vidoadoa vinavyojitokeza mwanga ukiwa hafifu) kwa kulainisha, na inacholainisha ni ngozi ya mzee na vinyweleo vya mtoto, yaani vitu vilevile ulivyotaka kuvipiga. Wasogeze karibu na dirisha, gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia hadi ufunge fokasi na mwanga, kisha teremsha mwanga kidogo ikiwa weupe wa nguo unaungua.

Mwenye kamera anaweza kuanzia hapa, kisha arekebishe kulingana na anachokiona (kasi ya shata ni muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde; namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa; ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga):

| Mahali | Kasi ya shata | Tundu la lenzi | ISO |
|---|---|---|---|
| Dirishani, wametulia | 1/125 | f/2.8 hadi f/4 | 400–1600 |
| Kivulini, kundi | 1/250 | f/5.6 | 200–400 |
| Jua la chini, wanatembea | 1/500 | f/4 | 200–400 |
| Mawingu | 1/250 | f/5.6 | 100–400 |

Tundu la lenzi ndilo linalowaangusha wengi. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, ikiwa mita 2.5 kutoka kwa watu, kwa f/2.8 inakupa kama sentimita 40 za ukali kutoka mbele hadi nyuma. Zinatosha kwa shavu la bibi lililogusana na la mjukuu. Hazitoshi kwa safu mbili za watu. Kwa f/5.6 unapata karibu mara mbili ya hapo, na ndipo wa mbele na wa nyuma wote wanakuwa na macho yanayoonekana. Kwa vizazi vitatu mimi hukubali chembe kidogo za ISO ya juu kuliko kumwacha mtu mmoja kwenye ukungu, chembe husameheka.

Miwani ya wazee huleta mng'ao wa dirisha. Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, hivyo inua mikono ya miwani juu ya masikio kidogo ili vioo vielekee chini, au wewe mwenyewe hama nusu hatua. Usimvue miwani anayoivaa kila siku. Wajukuu wanamjua nayo.

Picha ya mara moja au ya kila mwaka

Hapa ulinganisho unageuka tena, kwa sababu swali linakuwa ni mwanga upi unaoweza kuurudia. Mwaka 1975 mpiga picha wa Marekani Nicholas Nixon alimpiga picha mkewe pamoja na ndugu zake watatu wa kike, kisha akaendelea kuwapiga kila mwaka kwa zaidi ya miongo minne, wakisimama kwa mpangilio uleule. Hakuna picha moja kati ya hizo inayobeba uzito wa zote zikiwa pamoja: unawaona wakikomaa, na unaona nani anamwegemea nani zaidi mwaka hadi mwaka.

Kwa mfululizo wa nyumbani, dirisha linafaa kuliko vyote. Jua hurudi kwenye njia ileile tarehe ileile kila mwaka, kwa hiyo dirisha lilelile, mwezi uleule na saa ileile vitakupa mwanga unaofanana sana, na kitakachobadilika ni watu tu. Kivuli cha ukuta kinafuata. Jua la jioni ni gumu kulirudia, maana wingu moja linaharibu ahadi ya mwaka mzima. Andika mahali tarehe, saa, kiti kilikuwa wapi na wewe ulisimama wapi.

Basi uchague lipi?

Mzee anatembea vizuri, watoto wamevuka miaka mitano, na mnataka kumbukumbu ya siku ya furaha: jua la asubuhi, wakitembea, na mmalizie kivulini.

Watu ni wengi, wengine wametoka mbali, na mna alasiri moja tu ya kukutana: kivuli, moja kwa moja, wala usiwahatarishe kwa kusubiri machweo. Piga picha ya kundi mapema kabla watoto hawajachoka, kisha wachukue wawiliwawili kando. Jua la jioni likija likawakuta bado wana nguvu, litakuwa nyongeza.

Kuna mtoto mchanga: dirishani, akiwa mikononi mwa aliye mkubwa kuliko wote, kichwa cha mtoto kikielekea upande wa dirisha ili mwanga uanzie kwenye utosi wake na kushuka usoni. Ukikigeuza kinyume, mwanga unapanda kutoka kidevuni na sura yake inageuka ya kutisha.

Mzee haondoki kitandani: usimhamishe kwa ajili ya picha. Kama kitanda kinaweza kusogezwa mbele ya dirisha bila kumsumbua, kisogezwe siku moja kabla, azoee. Kama hakiwezi, tumia shuka jeupe kurudisha mwanga wa dirisha kuelekea kwake. Mjukuu akae upande wa pili wa kitanda, si ule wa dirisha, asije akamzibia, na mwana wa mzee awe karibu na mto. Keti nawe, kamera iwe kwenye usawa wa macho yake. Piga chache, mwonyeshe kila moja kwenye kioo cha kamera, na zile atakazokataa zifute mbele yake.